Santuri ya Watu Wawili: Historia ya "Winter in America"

Mwezi wa Mei 1974 ilitolewa huko New York santuri moja iitwayo Winter in America, yaani Majira ya Baridi Katika Amerika. Waliotajwa kuwa ndio wenyewe ni wawili: Gil Scott-Heron, mshairi na mwimbaji, na Brian Jackson, mpiga piano na filimbi. Kwa mtazamaji wa leo jambo hili si la kustaajabisha, maana santuri za watu wawili ni nyingi. Walakini kwa vijana hao lilikuwa tukio kubwa. Walikuwa wameshirikiana kwa muda wa miaka minne na zaidi. Jackson alikuwa ametunga, peke yake au pamoja na mwenzake, sehemu kubwa ya muziki wa nyimbo zao. Na nyimbo hizo zilikuwa zikiuzwa kwa jina la mtu mmoja. Historia ya santuri hii, basi, ni historia ya jina la pili: namna lilivyopata mahali pake, na namna lilivyofifia tena katika vinywa vya watu.

Wawili hao walikutana mwaka 1969 katika Chuo Kikuu cha Lincoln, jimbo la Pennsylvania. Chuo hicho kiliasisiwa 1854 kwa ajili ya elimu ya watu weusi, na msomaji wa Afrika hana haja ya kuelezwa heshima yake: Nnamdi Azikiwe wa Nigeria alisoma hapo, na Kwame Nkrumah wa Ghana alipata shahada yake hapo mwaka 1939. Hata hivyo aliyemvuta Scott-Heron chuoni hapo hakuwa mwanasiasa bali mshairi, naye ni Langston Hughes, aliyehitimu 1929. Scott-Heron alizaliwa Chicago tarehe 1 Aprili 1949. Baba yake alikuwa mtu wa Jamaika, mchezaji wa mpira wa miguu aliyepata kuichezea Celtic ya Glasgow. Lakini mtoto hakulelewa naye. Alilelewa na bibi yake katika mji wa Jackson, Tennessee, penye piano kuukuu na vitabu vya mashairi, kisha akahamia New York kwa mama yake, ambaye alikuwa mtunza maktaba. Brian Jackson alizaliwa Brooklyn tarehe 11 Oktoba 1952, akafunzwa piano tangu utoto. Alipofika Lincoln alikuwa bado hajatimiza miaka 17, au ndiyo kwanza aitimize.

Mmoja alikuwa na maneno yanayotafuta sauti. Mwingine alikuwa na sauti zinazotafuta maneno. Scott-Heron alijua kupiga piano, lakini kwa namna ya mtu aliyejifunza nyumbani: vidole vyake vilifuata shairi, vikasimama pale shairi lilipotaka pumzi. Jackson alikuwa amesikiliza sana jazi, akajua kufungua wimbo mdogo ukapata vyumba vingi ndani yake. Mapatano yao hayakuwa ya mtunzi na mtumishi. Kila mmoja alikuwa na upungufu ambao mwenzake aliujaza, na kila mmoja aliujua upungufu wake.

Soko, walakini, halikuujua. Mwaka 1970 Scott-Heron alichukuliwa na kampuni ya Flying Dutchman, iliyokuwa ya Bob Thiele, mtayarishaji aliyepata kusimamia santuri nyingi za John Coltrane. Santuri ya kwanza ilikuwa ya mashairi yaliyosomwa juu ya ngoma. Ya pili, Pieces of a Man, iliyotoka 1971, ilikuwa ya nyimbo kamili, na humo Jackson akapiga piano akiwa na miaka 18, kati ya mabingwa kama Ron Carter wa besi, Hubert Laws wa filimbi na Bernard Purdie wa dramu. Ya tatu, Free Will, ikatoka 1972. Mabingwa hao hawana lawama yoyote. Kazi yao ni safi. Lakini walikuwa ni watu wa kukodiwa, na mpango wote ulijengwa juu ya dhana kwamba yuko nyota mmoja na wengine ni taa za kumwangazia. Jina lililouzwa lilikuwa la Scott-Heron. Kijana aliyetunga muziki alibaki katika maandishi madogo ya nyuma ya jalada, mahali ambapo wanunuzi wengi hawasomi.

Mwaka 1972 Scott-Heron alipata shahada ya uzamili katika uandishi kutoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, akaenda kufundisha uandishi katika Federal City College, chuo cha umma cha mji wa Washington. Jackson naye akawa huko. Washington ya siku zile ilikuwa miji miwili katika ramani moja. Upo mji wa Ikulu na Baraza la Senate, ambao ulimwengu wote waujua. Na upo mji wa wakazi wake, ambao wengi walikuwa watu weusi, na ambao baadhi ya mitaa yake mikuu ilikuwa bado ina magofu ya moto wa Aprili 1968, alipouawa Martin Luther King. Santuri iliyozaliwa huko ina alama za miji yote miwili.

Mkataba wa Flying Dutchman ulipokwisha, wawili hao hawakutafuta kampuni nyingine ya namna ileile. Walikwenda Strata-East. Kampuni hii ilianzishwa New York mwaka 1971 na wanamuziki wawili wa jazi, Charles Tolliver mpiga tarumbeta na Stanley Cowell mpiga piano, baada ya kukosa kampuni ya kuitoa kazi yao ya bendi kubwa. Tofauti yake na makampuni mengine yastahili kuelezwa kwa makini, maana ndiyo iliyowezesha majina mawili kukaa pamoja.

Desturi ya makampuni makubwa ilikuwa hii: kampuni hulipa gharama za studio, kisha hujirudishia gharama hizo katika fungu la msanii, na mwisho wa yote kanda za asili hubaki kuwa mali ya kampuni. Mtu wa pwani, aliyezoea kwamba mnazi waweza kuwa na mwenyewe na ardhi iliyo chini yake ikawa na mwenyewe mwingine, atauona upesi ugumu wa mapatano hayo: mpandaji hapati ardhi, wala mnazi alioupanda si wake. Strata-East iligeuza mambo. Mwanamuziki alitafuta fedha mwenyewe, akarekodi mwenyewe, akaleta kanda iliyokwisha kazi. Kampuni ilisaidia kuchapisha na kuuza, ikachukua sehemu ndogo ya mapato. Kanda ikabaki mali ya aliyeitengeneza. Hapakuwa na mtayarishaji wa kuamua nani nyota na nani taa. Kwa hiyo, walipoileta kanda yao, Scott-Heron na Jackson waliandika juu yake kile kilichokuwa kweli tangu mwanzo.

Uhuru huo ulikuwa na bei yake, na bei yenyewe yasikika katika santuri. Walirekodi mwezi wa Septemba na Oktoba 1973 katika studio ya D&B Sound, mjini Silver Spring, Maryland, mpakani mwa Washington, fundi wa sauti akiwa Jose Williams. Studio ilikuwa ndogo hata chumba kikuu kisiwatoshe watu wawili na vyombo vyao. Scott-Heron alipokaa kwenye piano, Jackson alisimama nje katika ujia, kando ya chombo cha maji ya kunywa, akipuliza filimbi yake huko. Kwa siku nyingi za kazi hapakuwa na mtu wa tatu. Danny Bowens wa gitaa la besi na Bob Adams wa dramu waliitwa mwishoni kwa ajili ya nyimbo chache. Ukilinganisha na Pieces of a Man, ambako kila pembe ilikuwa na bingwa, hii ni nyumba yenye viti vinne, na mara nyingi viwili kati yake ni vitupu.

Haifai kudai kwamba ufinyu ndio ulioleta uzuri. Ufinyu haumletei mtu chochote ila taabu, na wanamuziki wengi wenye vyumba vidogo wametoa santuri mbaya. Lililotokea ni kwamba watu hawa walijua la kuufanya. Chombo kilichotawala ni piano ya umeme aina ya Fender Rhodes, ambayo ndani yake nyundo ndogo hugonga vijiti vya chuma badala ya nyuzi, na sauti yake ni kama ya kengele iliyofunikwa kitambaa. Sauti hiyo haikatiki ghafula. Hubaki ikielea baada ya kidole kuondoka. Jackson aliutumia mwelekeo huo. Aliacha nafasi kubwa kati ya pigo na pigo, na katika nafasi hizo akaliweka neno la mwenzake. Msikilizaji asiye na haraka atagundua kwamba katika nyimbo kadhaa hakuna dramu kabisa, wala hazikosekani, kwa kuwa kazi ya kushika mwendo imegawanywa baina ya mkono wa kushoto wa mpiga piano na pumzi ya mwimbaji. Aondolewe mmoja, wimbo wote huanguka.

Kwa wasomaji wa Kiswahili pana jambo jingine katika santuri hii lisilohitaji mkalimani. Wimbo wa kwanza ni Peace Go with You, Brother, na karibu na jina hilo imeandikwa As-Salaam-Alaikum. Wimbo wa mwisho ni uleule, lakini sasa imeandikwa Wa-Alaikum-Salaam. Santuri yafunguliwa kwa salamu na yafungwa kwa itiko. Hii si santuri ya dini. Maamkizi hayo yalikuwa yameenea katika mitaa ya watu weusi wa Marekani hata kwa wasio Waislamu, kwa athari ya jamaa za Waislamu wa mijini, kama vile tangu 1966 maneno ya Kiswahili yalivyoingia katika nyumba zao kwa njia ya sikukuu ya Kwanzaa. Wapo watakaosema kwamba maneno hayo yalivaliwa kama kanzu ya sherehe na watu wasiojua mshono wake. Huenda ni kweli kwa wengine. Hapa si kweli, maana mpangilio wa santuri waonyesha kwamba watungaji walijua salamu ni kitu cha namna gani.

Salamu katika wimbo ule haiendi kwa rafiki mwema. Yamwendea ndugu aliyesoma, akawa wakili au daktari, na katika kupanda kwake akawasahau wale aliotoka kwao. Mwimbaji hamtukani. Amwombea amani, naye amhesabu kuwa ni wake. Lakini kila anaporudia kumwita ndugu, shtaka lazidi kuwa zito. Sasa, kila aliyefunzwa adabu za Kiislamu ajua kwamba kuanza salamu ni sunna, bali kuitika ni wajibu. Santuri yamtolea mtu salamu mlangoni, yampitisha katika nyimbo saba, kisha ndipo laja itiko, nalo ni fupi, la dakika moja tu na kidogo. Ni nani aliyeitika? Sauti ni ileile. Waweza kusema ndugu hakujibu, na mwenye kusalimu amejiitikia mwenyewe kwa niaba yake ili deni lisibaki. Waweza pia kusema msikilizaji, baada ya kuyasikia yaliyo katikati, ndiye aliyepewa maneno ya kujibu. Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, wawe wa Lincoln au wa Dar es Salaam, swali hili si la mzaha.

Yaliyo katikati ni mchanganyiko, na si yote yenye uzito mmoja. Rivers of My Fathers, wimbo wa zaidi ya dakika 8, ni wa mtu wa mjini aliyechoka, anayetamani kulala kando ya mto. Hapana shaka Hughes yumo nyuma yake, kwa kuwa shairi la kwanza lililompa Hughes sifa, mwaka 1921, lilikuwa juu ya mito na kumbukumbu ya watu weusi. Lakini Hughes aliyaandika yale akiwa kijana mwenye matumaini, na mto wake waenda mbele. Mto wa Scott-Heron ni wa kurudi. Jackson hakuuharakisha, piano yazunguka pale pale kama maji penye kina, na ni sifa kubwa kwa wawili hao kwamba dakika 8 hazichoshi. Back Home na nyimbo nyingine fupi ni za upole, za nyumbani, za mapenzi na za mzazi na mtoto, nazo hupendeza zaidi zikisikika mahali pake kuliko zikitolewa peke yake.

The Bottle ndio wimbo uliovuka mipaka. Chanzo chake Scott-Heron alikieleza mara nyingi baadaye. Nyumba waliyokaa karibu na Washington ilitazamana kwa nyuma na duka la pombe. Kila asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, watu walijipanga wakiwa na chupa tupu mikononi, maana aliyerudisha chupa alipunguziwa bei ya nyingine. Scott-Heron alitoka akazungumza nao. Aliwakuta watu ambao hawakuzaliwa kuwa walevi: kati yao alikuwamo daktari, na alikuwamo mtu aliyepata kuongoza ndege angani. Wimbo haukuwahubiria. Waleta mtu mmoja baada ya mmoja: baba aliyeweka rehani vyombo vya nyumba hata pete ya ndoa ya mkewe, mwanamke aliyeanza kunywa mumewe alipofungwa, daktari aliyeharibikiwa na kazi yake. Kisha, jambo ambalo wachezaji wengi katika kumbi hawakulizingatia, mwimbaji ajiingiza mwenyewe katika orodha, akisema kwamba naye akitafutwa atapatikana humohumo chupani.

Walicheza nao, na hapa ndipo watu hubishana. Inawezekanaje msiba kufanywa ngoma? Muziki wa The Bottle ni wa fanki wenye mwendo wa visiwa vya Karibi. Besi ya Bowens yapiga mstari mmoja usiobadilika, kama mtu azungukaye nyumba asipate mlango. Dramu za Adams zasukuma. Na juu yake filimbi ya Jackson yapaa kwa furaha isiyolingana kabisa na habari inayosimuliwa. Wauzaji wa santuri waliiweka Winter in America katika kabati la jazi na fanki kwa sababu ya wimbo huu hasa, ingawa nusu ya santuri ni ya utulivu. Wako waliouona mdundo huo kuwa ni biashara iliyolisaliti neno. Hoja hiyo ni dhaifu. Wimbo wa huzuni kuhusu ulevi husikilizwa na watu wasiokunywa, nao huhuzunika kidogo wakarudi nyumbani. Wimbo wa kucheza uliingia katika kumbi za pombe zenyewe, ukapigwa mbele ya chupa zenyewe, na aliyekuwa na chupa mkononi akajikuta akiitikia kiitikio chake. Shairi peke yake lisingeruhusiwa kupita mlango ule. Lililofungua mlango ni muziki, na muziki ulikuwa wa watu wawili.

Kuhusu mji ule mwingine, wa Ikulu, santuri ina H2Ogate Blues. Jina hili ni fumbo: alama ya kemia ya maji imewekwa badala ya neno la Kiingereza la maji, likapatikana jina Watergate. Wezi walikamatwa katika jengo la Watergate tarehe 17 Juni 1972. Kamati ya Senate ilianza kusikiliza mashahidi mbele ya kamera za televisheni Mei 1973. Rais Nixon alijiuzulu tarehe 9 Agosti 1974, miezi mitatu baada ya santuri kutoka. Kwa hiyo shairi lilitungwa habari ikiwa bado inachemka, mwisho wake haujulikani. Limesemwa juu ya muziki wa bluzi, watu wakisikika wakicheka na kupiga makofi, kwa zaidi ya dakika 8. Ni lenye werevu na ukali, na aliyelisikia 1974 lazima alicheka sana. Leo ni sehemu iliyozeeka kuliko nyingine. Majina mengi yaliyotajwa humo yahitaji maelezo ya mwalimu wa historia, na mzaha ukielezwa hufa. Kilichobaki hai ni shaka yake kubwa, kwamba huenda wananchi waliotazama televisheni watayaona maovu yote wasifanye neno.

Ajabu moja ya santuri hii ni kwamba wimbo uitwao Winter in America haumo. Wakati wa kurekodi haukuwa tayari. Ulirekodiwa baadaye, ukatoka 1975 katika santuri iliyofuata. Jina, basi, lilitangulia wimbo wake. Lilikuwa ni jina la majira ya nchi: Malcolm X aliuawa 1965, King 1968, Robert Kennedy mwaka huohuo, na matumaini ya muongo ule yalikuwa yamefunikwa kama shamba chini ya theluji. Neno majira lafaa kuangaliwa. Asemaye usiku hutazamia alfajiri baada ya saa chache; asemaye baridi ajua kwamba itachukua miezi, na kwamba kazi ya wakati huo ni kutunza mbegu na kuota moto pamoja. Ndiyo maana santuri yenye jina la kutisha ina nyimbo nyingi za jamaa na nyumba.

Soko liliipokea kuliko walivyotarajia. Ilifika nafasi ya 6 katika orodha ya santuri za jazi ya gazeti la Billboard, na The Bottle, iliyotolewa kwa sahani ndogo, ikapendwa katika kumbi za New York. Hapo ndipo udhaifu wa Strata-East ulipojitokeza. Kampuni ya wanamuziki ilijua kutunza haki. Haikuwa na maghala, wala magari, wala mawakala wa kuijaza miji sahani kwa wakati watu wanapozitaka. Wengi waliousikia wimbo katika redio au ukumbini hawakuipata santuri dukani. Kadiri miaka ilivyopita ikawa bidhaa adimu, ikitafutwa kwa bei kubwa na wakusanyaji, hata ilipochapishwa upya mwaka 1998 kwa jina la kampuni ndogo ya Scott-Heron mwenyewe, Rumal-Gia. Mwenye shamba bila barabara hula mavuno yake na jirani zake tu, na mwenye barabara ndiye aliyekuwa na shamba la wenzake. Tatizo hilo Tolliver na Cowell hawakulitatua. Wala si haki kuwalaumu, maana makampuni yenye fedha mara elfu ya zao hayakutaka litatuliwe.

Hivyo wawili wakachukua njia ya tatu. Clive Davis alikuwa ameanzisha kampuni mpya, Arista, na Scott-Heron akawa wa kwanza kutia sahihi huko. Mwaka 1975 ilitoka The First Minute of a New Day, ikiwa na majina yote mawili pamoja na bendi yao kubwa, Midnight Band. Mwaka huohuo wakatoa wimbo wa Johannesburg, uliouliza habari za mapambano ya Afrika Kusini, nao ukapigwa katika redio za Marekani kabla ya mauaji ya Soweto ya Juni 1976. Ni wimbo uliowafikia watu ambao wasingeijua Johannesburg katika ramani. Usambazaji wa Arista ndio uliouwezesha, na jambo hili lapaswa kukubaliwa hata na wapenzi wa Strata-East. Waliendelea kushirikiana hadi santuri iitwayo 1980, iliyotoka mwaka wa jina hilo. Baada yake waliachana.

Tangu hapo majina yalitengana, na kumbukumbu ya watu ikachagua moja. Scott-Heron aliendelea kuimba, kisha akaingia katika dawa za kulevya, akafungwa zaidi ya mara moja katika miaka ya 2000. Yule aliyejitaja mwishoni mwa The Bottle hakuwa ametumia tamathali tupu. Mwaka 2010 alitoa santuri ya mwisho ya uhai wake, I'm New Here, akafariki New York tarehe 27 Mei 2011. Heshima zikafuata: tuzo ya Grammy ya maisha mwaka 2012, na mwaka 2021 jina lake likatiwa katika jumba la heshima la muziki wa rock and roll huko Cleveland. Alistahili zote. Zote zilikuwa kwa jina moja. Katika makala nyingi za maombolezo Jackson alipewa sentensi moja au mbili, na nyimbo alizozitunga zikatajwa kama za mwenzake.

Sababu si siri. Neno hunukuliwa gazetini, bali pigo la piano halinukuliki. Mhariri aweza kunakili mstari wa shairi akauweka katika kichwa cha habari. Hawezi kunakili nafasi iliyoachwa kati ya mapigo mawili ya Fender Rhodes. Kwa hiyo tangu mwanzo fungu la Jackson lilikuwa katika hatari ya kusahauliwa na watu wanaosoma zaidi ya wanavyosikiliza, na wasomi ni miongoni mwao. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya kompyuta katika ofisi za serikali ya jiji la New York, huku wanamuziki vijana wakikata vipande vya muziki wake na kuvitumia katika nyimbo zao. Hakuacha kupiga. Mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 69, alitoa santuri mpya, na jina alilolipa ni This Is Brian Jackson, yaani Huyu Ndiye Brian Jackson.